Barua Bila Hodi: Matangazo Yasiyoombwa na Uhuru wa Mtu Binafsi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa barua ni nusu ya kuonana. Methali hii ilizuka katika zama ambapo barua ilibebwa mkononi na mjumbe, naye mjumbe huyo alibisha hodi kabla ya kuikabidhi. Siku hizi barua nyingi husafiri kwa barua pepe na hakuna mjumbe anayebisha. Mtu anapofungua kikasha chake asubuhi hukuta barua ya mwalimu wake na ya nduguye aliye ughaibuni, na katikati ya hizo barua kadhaa za watu asiowajua wanaomuuzia dawa, mikopo, viwanja na bahati nasibu. Ikiwa barua ni nusu ya kuonana, basi watu hao wamekwisha kuingia nusu ndani ya nyumba yake kabla ya kukaribishwa.

Makala haya yanajadili mgogoro kati ya uhuru wa mfanyabiashara kutuma matangazo kwa barua pepe na uhuru wa mpokeaji kuachwa kwa amani. Hoja yetu kuu ni kwamba mgogoro huu hautatuliwi kwa kuuliza kama barua yenyewe ni nzuri au ni mbaya, bali kwa kuuliza kama mwenye mlango aliombwa ruhusa. Tutaonyesha pia kuwa istilahi "barua taka", iliyozoeleka katika Kiswahili, inalificha swali hilo, na tutapendekeza istilahi nyingine inayotokana na adabu ya Waswahili ya kubisha hodi.

Chanzo cha Tatizo

Mfano wa awali unaotajwa sana ni wa tarehe 3 Mei 1978. Siku hiyo Gary Thuerk, mtangazaji wa bidhaa wa kampuni ya Digital Equipment Corporation nchini Marekani, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 waliotumia ARPANET, mtandao uliogharamiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani na ambao ndio mzazi wa intaneti. Aliwaalika kutazama tarakilishi mpya za kampuni yake katika jimbo la California. Wengi walilalamika, na wasimamizi wa mtandao wakatamka kuwa kanuni za matumizi zilikuwa zimekiukwa. Hata hivyo, Thuerk alidai baadaye kuwa tangazo hilo liliiletea kampuni yake mauzo makubwa.

Tukio hilo linatufunulia kiini cha tatizo, nacho ni gharama. Mtu anayetangaza kwa barua za posta hununua stempu kwa kila barua. Kwa hiyo hulazimika kufikiri ni nani hasa anayeweza kuihitaji bidhaa yake. Anayetangaza kwa barua pepe hulipa karibu kiasi kile kile kwa barua kumi na kwa barua milioni moja. Hata akipata mnunuzi mmoja tu kati ya watu elfu kumi, huenda akapata faida. Mzigo uliosalia hubebwa na wengine: kampuni za mtandao zinazonunua mitambo ya kuzihifadhi barua hizo, na mpokeaji anayepoteza muda wa kuzifuta. Wanaokumbuka saiba za mijini mwetu mwanzoni mwa miaka ya 2000 watakumbuka pia kuwa malipo yalihesabiwa kwa dakika. Kila dakika ya kuyafuta matangazo ya mtu mwingine ilitoka mfukoni mwa mpokeaji. Ni sawa na mchuuzi aliyekuletea bidhaa usiyoiagiza, kisha akakudai nauli.

Kiingereza kiliziita barua hizi spam, jina la nyama ya kopo iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka wa 1937. Jina hilo lilipata maana yake mpya kutokana na mchezo wa vichekesho wa kundi la Uingereza la Monty Python, uliooneshwa mwaka wa 1970, ambamo neno hilo hurudiwarudiwa hadi mazungumzo mengine yakazamishwa. Kwa hiyo jina la Kiingereza linasisitiza kelele, ilhali jina letu la "barua taka" linasisitiza uchafu. Yote mawili yanaeleza athari. Hakuna hata moja linaloigusa idhini.

Uhuru wa Msemaji

Itakuwa ni kukosa uadilifu tukimhukumu mtangazaji kabla ya kumsikiliza. Hoja yake ya kwanza imo katika msemo wa sokoni kwamba biashara ni matangazo. Kampuni kubwa ina uwezo wa kununua nafasi katika televisheni na magazeti. Mama anayefuma vikapu au kijana anayechapisha diwani yake ya kwanza hana uwezo huo. Kwake yeye, barua pepe ni jukwaa la mnyonge. Tukilifunga jukwaa hilo, huenda tukawa tunamlinda tajiri dhidi ya ushindani kwa kisingizio cha kumlinda mpokeaji.

Hoja ya pili ni ya kikatiba. Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, ukiwemo uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari. Habari za bei na bidhaa nazo ni habari. Aidha, methali yetu yasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Huenda barua ambayo hukuiomba ndiyo itakayokupa kazi au kitabu ulichokitafuta kwa miaka mingi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi. Sheria iliyotungwa kuzuia matangazo inaweza kunasa maneno mengine. Katika jimbo la Virginia nchini Marekani, Jeremy Jaynes alitiwa hatiani mwaka wa 2004 kwa kutuma barua pepe nyingi ajabu huku akificha zilikotoka, na baadaye akahukumiwa kifungo cha miaka tisa. Mwaka wa 2008 Mahakama ya Juu ya Virginia iliibatilisha sheria iliyomhukumu. Sababu haikuwa kwamba Jaynes alikuwa mtu mwema. Sababu ni kwamba sheria hiyo haikutenganisha tangazo la biashara na waraka wa kisiasa au wa kidini unaotumwa na mtu asiyetaka kujulikana. Wavu uliotegewa mwizi ungeweza kumnasa mpinzani wa serikali. Fundisho hili halipaswi kupuuzwa katika nchi yoyote ambayo watu wake wamewahi kusambaza maandishi kwa siri kwa sababu ya hofu.

Uhuru wa Mwenye Nyumba

Upande wa pili una methali yake pia: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hoja ya mpokeaji haipaswi kutegemea ubaya wa bidhaa. Hata kizuri kikijitembeza hadi chumbani mwa mtu bila ruhusa, mwenye chumba ana haki ya kukikataa.

Hoja hii ilikubaliwa kisheria kabla ya barua pepe kuenea. Mwaka wa 1970, katika kesi ya Rowan dhidi ya Idara ya Posta ya Marekani, Mahakama Kuu Zaidi ya nchi hiyo iliamua kuwa mtu anaweza kuitaka kampuni iliyomtumia matangazo aliyoyaona kuwa ya kiasherati iliondoe jina lake katika orodha yake na isimwandikie tena. Aliyepewa mamlaka ya kuamua kama matangazo hayo yanachukiza ni mpokeaji mwenyewe, wala si serikali. Haki ya kusema, kwa mujibu wa mahakama hiyo, hukoma katika sanduku la barua la mtu asiyetaka kusikia. Mwaka wa 1996, mahakama ya Pennsylvania nayo iliamua kuwa kampuni ya Cyber Promotions haikuwa na haki ya kikatiba ya kuwatumia wateja wa America Online matangazo yasiyoombwa, kwa kuwa America Online ni kampuni ya kibinafsi na mitambo ni yake.

Nchini Kenya, Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha, ikiwemo faragha ya mawasiliano. Ibara ya 33 yenyewe inamtaka anayeutumia uhuru wa kujieleza aheshimu haki za wengine. Kwa maana hiyo, uhuru wa kusema haujumuishi uwezo wa kumlazimisha mwingine asikilize.

Mifumo Miwili ya Sheria

Nchi mbalimbali zimejaribu kupatanisha uhuru huu wa pande mbili kwa njia zinazotofautiana. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 2002, ulichagua idhini kwanza: tangazo halitumwi kwa mtu binafsi mpaka akubali. Iliachwa nafasi ndogo kwa muuzaji anayemwandikia mteja wake wa awali kuhusu bidhaa zinazofanana na alizonunua, mradi ampe njia rahisi ya kukataa.

Marekani ilifuata njia nyingine. Sheria iliyotiwa sahihi mwezi wa Desemba 2003 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2004 inamruhusu mtangazaji kutuma kwanza. Hata hivyo, haruhusiwi kudanganya kuhusu anakotoka wala kuhusu kichwa cha barua. Hana budi kutaja anwani yake halisi ya posta, na mpokeaji akikataa, sharti aache kumwandikia katika muda wa siku kumi za kazi. Jimbo la California lilikuwa limepitisha sheria yake ya idhini kwanza, lakini sheria ya taifa zima iliitangua kabla haijaanza kutumika.

Kenya imeegemea upande wa idhini. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinakataza matumizi ya data ya mtu kwa biashara isipokuwa ameridhia waziwazi, au sheria iliyoandikwa inaruhusu naye akafahamishwa wakati data hiyo ilipokusanywa. Hata hivyo, yeyote mwenye rununu anajua kuwa sheria na mazoea ni vitu viwili. Ujumbe wa michezo ya kamari na mikopo bado huingia usiku wa manane, na mwishoni mwake huwa na maelekezo ya namna ya kujiondoa katika orodha ambayo mpokeaji hakumbuki kujiunga nayo.

Adabu ya Hodi kama Kipimo

Katika nyumba ya Mswahili kuna ngazi za ukaribu. Kuna njia ambamo kila mtu hupita, kuna baraza ambapo mgeni huketi na kuzungumza, na kuna ndani. Muuza kahawa wa mitaa ya pwani hugonganisha vikombe vyake njiani. Kila mtu husikia, na mwenye haja humwita. Hakuna anayemlaumu. Lakini hata yeye hapiti mlangoni kabla ya kubisha hodi na kuitikiwa "karibu". Adabu hii, inayoafikiana na mafunzo ya Sura ya An-Nur katika Kurani kuhusu kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba za watu, ina kikomo chake: anayebisha mara tatu bila kuitikiwa huenda zake. Kimya si ruhusa.

Tukiupima mjadala kwa kipimo hiki, wavuti ya mfanyabiashara ni njia na kikasha cha barua ni ndani. Sheria ya Ulaya na ya Kenya ni sheria za hodi kwanza. Sheria ya Marekani ni ya kuingia kwanza na kuondoka ukifukuzwa.

Msomaji makini atauliza: je, hodi yenyewe si sauti isiyoombwa? Anayeniandikia kuniomba ruhusa ya kuniandikia si ameshaniandikia? Hapa mlinganisho wetu unachechemea, na ni vyema kukiri. Jibu ni kwamba hodi ya barua pepe hubishwa nje ya kikasha: dukani, kwenye fomu, katika wavuti ambamo mteja huacha anwani yake kwa hiari. Mama wa vikapu na kijana wa diwani hawajafungiwa njia hiyo. Wao, kama muuza kahawa, wanaweza kusikika barabarani.

Kipimo hiki kinatatua pia tatizo la neno "taka". Taka ni hukumu kuhusu kilichomo, na siku hizi hukumu hiyo hutolewa na programu za kuchuja barua. Mwandishi wa makala haya aliwahi kukosa nafasi ya kuwasilisha utafiti wake kongamanoni kwa sababu wito wa makala, alioujiandikishia mwenyewe, ulitupwa katika folda ya taka akaukuta baada ya muda kupita. Barua hiyo ilibisha hodi na ikakaribishwa, ila mlinzi wa mlango aliihukumu kwa mavazi yake. Kinyume chake, tangazo safi na la kweli kutoka kwa muuza vitabu mwaminifu si taka hata kidogo, lakini likitumwa kwa anwani iliyonunuliwa kisirisiri, limeingia bila hodi. Ni kosa lile lile la Virginia katika sura nyingine: sheria ilinasa isiyopaswa kunasa, na programu hunasa hivyo hivyo.

Hitimisho

Tumeona kuwa msemaji ana uhuru wake na mwenye nyumba ana uhuru wake, na kwamba mipaka kati yao haiwekwi na uzuri wa barua. Tunapendekeza kwamba wanafunzi na walimu wa Kiswahili watumie istilahi "barua bila hodi" kwa ujumbe wowote wa biashara uliotumwa pasi na idhini, na waliache neno "barua taka" kwa ajili ya ulaghai na uchafu halisi. Tofauti hii si ya mapambo. Taifa linalouita ujumbe taka litamtafuta mfagiaji, na mfagiaji huyo huenda akawa programu au serikali inayoamua kwa niaba yetu kipi kisomwe. Taifa linaloiita barua bila hodi litauliza mlango ni wa nani, nao ufunguo utabaki mikononi mwa mwenye nyumba.