Ukistaafu, Uhamie Mombasa au Nakuru?

Msomaji, siku ya kustaafu haiji kama mwizi. Mtumishi wa serikali nchini Kenya anajua kuwa ataacha kazi akitimiza miaka 60, umri ulioongezwa kutoka 55 mwaka 2009. Hata hivyo, wengi huifikia siku hiyo kabla ya kuamua watakaa wapi. Kodi ya nyumba Nairobi haimhurumii mstaafu, na si kila mtu ana shamba la kurudia. Ndiposa wengine huanza kutazama miji mingine, ikiwemo Mombasa na Nakuru.

Miji hii yote miwili iko kusini mwa Ikweta, lakini haifanani. Mombasa iko ufuoni mwa bahari. Nakuru iko katika Bonde la Ufa, kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kuna wanaochagua kwa kukumbuka likizo ya siku tano pwani, au kwa kutazama bei ya ploti peke yake. Leo tutaipima miji hii kwa kipimo cha afya, kwa sababu kiinua mgongo hutolewa mara moja tu, na ugonjwa unaweza kukimaliza upesi kuliko kodi ya nyumba.

JOTO NA BARIDI

Katika miezi ya Februari na Machi, joto la mchana Mombasa hufika nyuzi 32 au 33, na usiku halipungui sana. Mwili wa mzee haupoi kama wa kijana: hutoa jasho kidogo, na kiu huchelewa kuhisiwa. Mtu aweza kuishiwa maji mwilini bila kujua. Hatari huzidi kwa anayetumia dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo, figo au kisukari. Ikiwa wewe ni mmoja wao, usikatize dawa kwa sababu ya joto, bali muulize daktari wako kabla ya kuhama kama kipimo chake kitahitaji kubadilishwa.

Nakuru usiku huwa na baridi, na mnamo Julai nyuzi zaweza kushuka hadi karibu 10. Wenye maumivu ya viungo wengi husema baridi huwazidishia, na vumbi la kiangazi husumbua wenye pumu. Kwa upande mwingine, mkazi wa Nairobi hatahisi tofauti kubwa ya hewa akihamia Nakuru, kwani miji hii miwili inakaribiana kwa urefu kutoka usawa wa bahari.

MAJI YA KUNYWA

Hapa kila mji una kasoro yake. Mombasa kwa miaka mingi imekuwa na uhaba wa maji ya mfereji, na wakazi wengi hununua maji ya mitungi kutoka kwa wachuuzi wa mikokoteni. Maji ya visima vingi yana chumvi. Mwenye shinikizo la damu asiyafanye kuwa maji yake ya kunywa na kupikia. Visima vilivyo karibu na vyoo vya shimo navyo huweza kuleta maradhi ya kuhara, kwa hivyo maji yake yachemshwe au yatiwe dawa.

Nakuru tatizo ni madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa hupita kiwango hicho. Mtoto anayekunywa maji hayo meno yake yakiwa yangali yanaumbika ndani ya ufizi huota meno yenye madoa ya kahawia, na mtu mzima anayeyanywa kwa miaka mingi huweza kuumwa na mifupa na viungo. Jambo la kukumbuka ni kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwenye sufuria, madini hubaki na kuzidi ukali. Njia zinazofaa ni chujio maalumu, kama lile la mkaa wa mifupa, au maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi safi. Kabla ya kununua nyumba yenye kisima, yapeleke maji yake yapimwe. Ukiwa utalea wajukuu, jambo hili ni la lazima.

MBU

Malaria ingalipo pwani. Nakuru mjini hatari yake ni ndogo mno. Aliyeishi Nairobi miaka thelathini mwili wake umepoteza ile kinga ya aliyezoea kuumwa na mbu wa malaria, hivyo homa yaweza kumwangusha vibaya. Akihamia Mombasa alale ndani ya chandarua chenye dawa, na akipata homa apimwe damu siku hiyo hiyo.

Aidha, Mombasa imewahi kukumbwa na homa ya dengue, kwa mfano mwaka 2013 na 2014, na chikungunya mwaka 2017 na 2018. Mbu wa maradhi haya huuma mchana na huzaliana katika maji safi yaliyotuama: mapipa, makopo na sahani za maua. Kwa kuwa watu huhifadhi maji kwa sababu ya uhaba, kila pipa lifunikwe. Dengue huweza kusababisha damu kuvuja mwilini. Kwa hivyo homa ikikupata, usimeze aspirini au ibuprofeni kutuliza maumivu. Ikiwa daktari alikuandikia aspirini ya kila siku kwa ajili ya moyo, mweleze mhudumu wa afya mara moja.

MIGUU YAKO ITAENDA WAPI?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, yaani angalau nusu saa kwa siku tano. Mazoezi ya kadiri ni kama kutembea haraka, hata uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba. Aliyepita miaka 65 aongeze mazoezi ya kutia misuli nguvu siku mbili, na ya kujizuia asianguke siku tatu. Kuanguka kukivunja nyonga, mzee huenda asitembee tena peke yake.

Mombasa ni tambarare. Bustani ya Mama Ngina, iliyokarabatiwa mwaka 2019, ina njia nzuri kando ya bahari. Maji ya bahari hubeba uzito wa mwili, hivyo kuogelea au kutembea ndani ya maji ya kiunoni kunamfaa mwenye magoti mabovu. Hata hivyo, kuogelea hakuimarishi mifupa kama kutembea, kwa hivyo fanya yote mawili. Toka alfajiri au baada ya alasiri, jua likiwa limepoa, na uliza saa za kujaa na kupwa kwa maji kabla ya kuingia baharini.

Nakuru unaweza kutembea karibu saa yoyote ya mchana bila kusumbuliwa na joto kama la pwani. Milima nayo ni mazoezi kamili: Menengai, ambao kilele chake ni mita 2,278, hutia nguvu mapafu na mapaja. Mwenye magoti mabovu atapata taabu zaidi wakati wa kushuka kuliko kupanda, basi achukue fimbo na asiende peke yake. Katika mbuga ya Ziwa Nakuru hakuna kutembea ovyo, kwa kuwa kuna simba na nyati. Ukipata kiwanja chenye nafasi, bustani ndogo ya mboga itakupa mazoezi na sukuma wiki kwa pamoja.

HOSPITALI NA MFUKO

Kila mji una hospitali kuu ya rufaa ya umma. Swali la maana ni hili: kutoka nyumba unayoitaka, utafikaje hospitalini saa nane za usiku, na kwa nauli gani? Anayeishi Likoni, kwa mfano, akumbuke kuwa kivuko kiko kati yake na hospitali kuu. Anayenunua ploti ya bei nafuu mbali na mji wa Nakuru ahesabu hali ya barabara wakati wa mvua.

Pili, jua kuwa mwajiri hatakukatia tena ada ya bima. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, huwatoza wasio na mshahara kulingana na makadirio ya mapato ya familia, kiasi kisichopungua Sh300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka mzima. Ziweke kando pesa hizo kabla ya kununua hata kiti.

Tatu, watoto na jamaa walio Nairobi wako umbali wa kilomita 160 hivi kutoka Nakuru, na karibu 480 kutoka Mombasa. Treni ya SGR, iliyoanza mwaka 2017, imerahisisha safari ya pwani, lakini mgonjwa wa ghafla hangoji treni. Ikiwa unahudhuria kliniki ya daktari bingwa Nairobi kila mwezi, fanya hesabu ya nauli ya mwaka mzima.

JARIBU KABLA YA KUHAMA

Mwenye shinikizo la damu lisilotulia, ugonjwa wa figo au kliniki za mara kwa mara Nairobi, kwa kawaida Nakuru itamfaa zaidi, mradi apate maji salama. Mwenye viungo vinavyokakamaa kwa baridi, na ambaye moyo wake ni mzima, Mombasa yaweza kumrudishia mwendo. Kwa wengine wote, mji bora ni ule utakaokutoa nyumbani kila siku: wenye baraza, kanisa au msikiti, soko na marafiki unaoweza kuwafikia kwa miguu. Mzee anayeshinda ndani peke yake hudhoofika, hata nyumba iwe nzuri namna gani.

Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Usinunue kwanza. Panga chumba kwa mwezi mmoja katika msimu mgumu: Machi kwa Mombasa, Julai kwa Nakuru. Pika mwenyewe, nunua maji, panda matatu, tembelea hospitali ukiwa mzima, na pima shinikizo la damu kila wiki. Andika kila shilingi na kila siku uliyotembea nusu saa. Mwezi ukiisha, daftari hilo litakueleza ukweli ambao dalali wa ploti hatakuambia.