Toa pampu kwenye kidimbwi

Barua za wakulima wa mpunga wa bonde la Pangani kiangazi hiki zina lalamiko moja: kwa nini tuambiwe tufunge mabanio ili samaki wapate maji huku majaruba yetu yanapasuka? Mnauliza kwa haki, ila mnaelekeza kidole pabaya. Sheria ya maji ya 2009 inaweka mbele maji ya nyumbani, kisha akiba ya mto wenyewe, ndipo mashamba na mitambo. Na perege wa Jipe hapatikani popote nje ya bonde hili. Amekwisha kuorodheshwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Jike hulea mayai mdomoni, na mto ukikatika hana pa kukimbilia ila vidimbwi vilivyobaki. Wanaosema tufuge sato tusahau hayo, wajue sato akitoroka bwawani huzaana na perege wa asili, na mbegu halisi inapotea.

Sasa tazameni vidimbwi hivyo vinavyofanywa. Dalali analeta pampu ya kukodi, anatumbukiza mpira kwenye kina, na baada ya siku chache pamebaki tope na magamba. Yote hayo kwa ekari mbili tatu za mpunga uliochelewa kupandwa, kwa kuwa dalali huyo huyo aliahidi bei nono. Yeye hulipwa kwa saa za injini. Mpunga ukifia shambani, hasara yako. Tena maji yenyewe yanajazwa hadi nusu ya ugoko, tuta limetobolewa na panya, na asubuhi unayakuta barabarani. Msiniambie bwawa la Nyumba ya Mungu ndilo linalomaliza maji. Jua hulinyonya kweli, lakini tuta lako halikutobolewa na bwawa.

Mpunga si samaki. Wiki mbili hivi baada ya kupandikiza, chimbia jarubani kipande cha bomba la plastiki lenye matundu ubavuni, kizame zaidi ya sentimita 15. Maji ndani yake yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, fungulia; kimo cha sentimita 5 kinatosha. Mpunga unapochanua tu ndipo usiache jaruba likauke. Ukiziba matuta kwanza, utaokoa kama robo ya maji bila kupunguza magunia. Kwenye udongo wa kichanga usijaribu mpunga wa kiangazi kabisa, panda choroko.