Behewa la Dola Kumi: Maswali na Majibu Kuhusu Treni za Kuchezea za Zamani

Tunazungumzia mabehewa gani hasa, na urahisi wenyewe ni wa kiasi gani?

Nchi moja na kipindi kimoja vinatutosha: Marekani, kati ya 1945 na 1969. Kampuni ya Lionel, iliyoanzishwa New York mwaka 1900 na Joshua Lionel Cowen pamoja na Harry Grant, iliacha kutengeneza treni za kuchezea mwaka 1942 ili kiwanda chake kihudumie vita, kisha ikarejea sokoni mwaka 1945. Miaka inayofuata wakusanyaji huiita kipindi cha baada ya vita, na wanakifunga mwaka 1969, biashara ya treni hizo ilipoangukia mikononi mwa General Mills, kampuni iliyojulikana zaidi kwa unga na vyakula vya asubuhi. Washindani wa Lionel walikuwa wawili wa maana. A. C. Gilbert wa New Haven, Connecticut, aliuza treni za American Flyer zilizopita juu ya reli mbili kama treni za kweli, wakati zile za Lionel zilihitaji reli ya tatu katikati. Louis Marx, aliyekuwa na kiwanda Girard, Pennsylvania, aliwauzia wale ambao Lionel ilikuwa ghali mno kwao. Leo behewa la kawaida la Lionel la miaka hiyo, lisilo na boksi na lenye mikwaruzo miwili mitatu, mara nyingi hupatikana kwa chini ya dola 20 za Marekani, na la Marx kwa chini zaidi. Injini zina masoko yake na matatizo yake. Hapa ninaziweka kando.

Kitu cha zamani kinachouzwa kwa bei hiyo si takataka tu?

Hilo ndilo kosa ninalotaka kulipinga, kwa sababu limewafanya watu wengi wenye fedha kidogo waamini kwamba hobi hii si yao. Bei ya behewa la zamani haipimi ubora wa kazi. Inapima uchache, na uchache una sababu zisizohusiana na ustadi wa fundi. Chukua behewa dogo lililofungwa lenye namba 6014. Lionel ililitoa likiwa na jina la reli ya Frisco, likiwa na jina la peremende ya Baby Ruth, na kwa idadi ndogo likatolewa kama bidhaa ya matangazo ya vichujio vya Wix na vyakula vya Chun King. Behewa ni lilelile, limetoka katika kalibu moja, na plastiki yake ni ya aina moja. Tofauti iko katika wino ubavuni. Hata hivyo la Frisco utalipata ndani ya kikapu chini ya meza ya muuzaji, na la Chun King utaliona ndani ya kabati la kioo likiwa na bei mara nyingi zaidi. Anayelipa tofauti hiyo ananunua habari kwamba wengine hawanalo. Ni haki yake, lakini asituambie kwamba amenunua behewa bora.

Kuna ushahidi wa ajabu zaidi. Mwaka 1957 Lionel ilitoa treni iliyolengwa wasichana: injini ya mvuke ya rangi ya waridi ikivuta mabehewa ya rangi laini kama za peremende. Ilishindwa sokoni. Wasichana waliopenda treni walitaka treni inayofanana na treni, na wazazi hawakuona sababu ya kulipia waridi. Kwa kuwa haikununuliwa, zilizobaki ni chache. Na kwa kuwa ni chache, leo seti kamili ni miongoni mwa vitu vinavyotafutwa kwa fedha nyingi katika soko lote la Lionel. Kwa maneno mengine, soko linaitunuku bidhaa iliyokataliwa na kuliadhibu behewa lililopendwa, eti kwa sababu lilipendwa na wengi mno. Ukishaliona hilo, neno "rahisi" linapoteza aibu yake.

Sawa, lakini behewa ambalo kila mtu analo lina nini cha kumpa mkusanyaji?

Lina historia ya kiwanda, iliyoandikwa mahali ambapo watu wachache hutazama. Anza na namba. Mwaka 1945 Lionel ilileta viunganishi vyenye umbo la ngumi iliyokunjwa, vinavyofanana na vile vya treni halisi za Marekani. Vilifunguliwa kwa koili ya umeme iliyofungwa chini ya kila behewa, na umeme huo uliletwa na kipande cha chuma kilichoteleza juu ya reli maalumu. Mabehewa hayo yalipewa namba zinazoanza na 2. Koili kwa kila kiunganishi ni gharama kubwa, basi kuanzia 1948 wahandisi wakaihamishia sumaku-umeme kwenye reli yenyewe, na chini ya behewa wakaacha kibamba cha chuma kinachovutwa kushuka. Namba zikageuka: behewa la makaa ya mawe 2456 likawa 6456, behewa la mafuta 2465 likawa 6465. Kwa hiyo tarakimu ya kwanza tu, juu ya behewa ambalo hakuna anayeligombania, inakueleza uamuzi wa kihandisi na wa kihasibu kwa pamoja: sehemu ghali ilitolewa katika mamia ya maelfu ya mabehewa ikawekwa katika kipande kimoja cha reli.

Kisha ligeuze utazame fremu zinazobeba magurudumu. Katika miaka ya mwisho ya 1940 na miaka mingi ya 1950 fremu hizo zilikuwa na pande za chuma cha kumimina, nzito kiasi cha kulifanya behewa litulie kwenye kona. Kuanzia 1957 zinaanza kuonekana za plastiki. Ukifika miaka ya 1960, mabehewa ya seti za bei nafuu yanapewa viunganishi visivyofunguka kabisa, na mengine yanatoka kiwandani bila maandishi yoyote: behewa la wazi la rangi moja, bila namba wala jina la reli. Mauzo ya Lionel yalifika kileleni mwaka 1953. Televisheni ilikuwa imeshaingia sebuleni, na baadaye yakaja magari madogo ya mashindano ya umeme. Cowen aliuza hisa zake mwaka 1959 kwa kundi lililoongozwa na Roy Cohn, ambaye alikuwa mjukuu wa ndugu yake. Unaweza kuyasoma haya katika vitabu vya historia ya biashara. Lakini panga juu ya meza mabehewa manne ya wazi ya 1949, 1954, 1958 na 1964, na utaishika kampuni ikipungukiwa fedha kwa vidole vyako mwenyewe: chuma kinageuka plastiki, kinachosogea kinakuwa kisichosogea, wino unaisha. Mabehewa hayo manne yanaweza kukugharimu chini ya chakula cha jioni cha watu wawili katika mji wowote wa Marekani. Behewa moja adimu haliwezi kukupa somo hilo, kwa kuwa halina wenzake wa kulinganishwa nao. Wingi ndio unaoruhusu ulinganisho, na bila ulinganisho kukusanya ni kuhifadhi tu.

Na Marx? Wakusanyaji wengi humdharau.

Wanamdharau kwa sababu isiyo na mashiko: kwamba Marx alitumia bati. Mabehewa yake madogo, yenye urefu wa inchi 6, yalikatwa katika mabati yaliyokwisha kuchapwa picha na maandishi yote, kisha yakakunjwa na kufungwa kwa vichupukizi vya bati vilivyopenyezwa katika matundu. Ribiti, milango, ngazi na vivuli vyake vyote ni wino. Hii ni sanaa ya mchapaji wa makopo iliyopelekwa kwenye treni, na rangi zake bado zinang'aa ambapo plastiki nyingi za wakati huo zimefifia. Onyo moja: bati lililochapwa halirekebishiki. Mkwaruzo ukishafika kwenye chuma na kutu ikaingia, kupaka rangi juu yake ni kulifuta behewa lenyewe. Katika Marx nunua uso mzuri kwanza. Gurudumu lililopinda hunyoshwa.

Mtu anayenunua vitu vya kawaida si anapoteza fedha, kwa kuwa thamani yake haitapanda kamwe?

Haitapanda, na ni afadhali kulisema wazi. Pingamizi hili lingekuwa zito kama vitu adimu vingekuwa salama, lakini sivyo. Waliokuwa watoto katika miaka ya 1950 ndio waliojenga soko hili walipokuwa watu wazima wenye kipato. Sasa ni wazee, na makusanyo yao yanarudi mnadani kwa pamoja, huku wanunuzi wa kizazi kile wakipungua. Aidha, tangu miaka ya 1970 waliorithi jina la Lionel wamekuwa wakitoa upya mabehewa ya zamani yaliyokuwa yakitafutwa, na kila toleo jipya humwondoa sokoni mtu ambaye alitaka tu rangi ile ipite juu ya reli yake. Aliyenunua behewa la dola 800 ana mengi ya kupoteza. Aliyenunua la dola 10 amebakiwa na nafasi ndogo sana ya kushuka. Bado sisemi kwamba hiyo ni hoja ya uwekezaji. Nasema hoja ya uwekezaji inapoondolewa mezani, behewa adimu linabaki na faida moja tu, ya kuonewa wivu.

Kuna jambo ambalo wapenzi wa vitu adimu hulitaja kwa sauti ya chini, nalo ni feki. Panapokuwa na tofauti ya bei kati ya rangi mbili za behewa moja, hutokea mtu wa kuibadilisha rangi kwa kemikali. Palipo na bei kwa kosa la kiwandani, kwa mfano behewa lililokosa maandishi upande mmoja, hutokea mtu wa kuyafuta. Mabehewa makubwa ya mfululizo wa 6464, yaliyotolewa kuanzia 1953 na kupendwa sana na wakusanyaji, ndiyo yanayoandamwa zaidi. Mnunuzi wa hapo anahitaji kuchunguza hata safu za ribiti ubavuni ili kujua kama kalibu inalingana na maandishi na mwaka unaodaiwa. Behewa la Frisco la dola 8 hakuna mwenye haja ya kulighushi. Uhalisi wake umelindwa na bei yake.

Nikilikuta sokoni, niangalie nini?

Chama cha wakusanyaji, Train Collectors Association, kilichoanzishwa Pennsylvania mwaka 1954, kina madaraja ya hali ya kitu, kuanzia kile kisichoguswa hadi kile kibovu, na wauzaji waaminifu huyafuata. Maonyesho makubwa ya York, katika jimbo hilohilo, hufanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, na ni shule nzuri ya kuyafunza macho. Lakini kwa behewa la bei ya chini usilipie daraja. Lipia uzima. Tazama kama plastiki ina ufa pembeni, kwa kuwa ufa hauzibiki bila kuacha alama. Fungua na kufunga viunganishi. Zungusha kila gurudumu. Kutu kwenye ekseli huondoka kwa subira na tone la mafuta mepesi. Kutu ndani ya fremu ya bati ni jambo jingine. Ukikutana na vitu vya kabla ya vita, vya Marekani au vya Uingereza, chunguza sehemu za zinki ya kumimina: iliyochanganyika na uchafu wa risasi huvimba, hupasuka na kumeng'enyuka, na hakuna dawa yake.

Boksi la rangi ya machungwa na buluu liache. Linaweza kuuzwa kwa bei kubwa kuliko behewa lililokuwa ndani yake, na haliendi popote juu ya reli.

Kuosha ni kwa maji vuguvugu na sabuni laini, baada ya kutoa mwili wa plastiki kwenye fremu. Maandishi yaliyogandamizwa kwa joto huvumilia maji. Yaliyopigwa kwa muhuri wa mpira hutoka kirahisi, kwa hiyo yazungukie kwa pamba ya kusafishia masikio na usiyaguse. Petroli na tina ya rangi zisikaribie kabisa.

Kuyaendesha hakuyaharibu?

Kidogo. Behewa la kawaida halina mota wala waya, na lile lenye viunganishi vya kibamba halina hata sehemu moja ya umeme. Kinachochakaa ni ekseli na magurudumu, ambayo vipuri vyake bado vinapatikana. Kinachotisha zaidi ni transfoma ya enzi hizo: kebo yake ikiwa na nyufa, usiichomeke ukutani mpaka fundi ameibadilisha. Na kwa kuwa baadhi ya rangi za zamani zina risasi, mtoto anayetia vitu mdomoni apewe treni ya kisasa.

Kwa msomaji aliye mbali na Marekani, tuseme Mombasa au Dodoma?

Hapo hesabu inageuka, kwa sababu nauli ya kifurushi huzidi bei ya behewa. Kuagiza moja moja ni hasara tupu. Mwenye ndugu Marekani au Kanada anaweza kumwomba akusanye mabehewa kwa mwaka mzima kisha aje nayo kwenye begi. Mabehewa 12 ya Marx hayazidi kisanduku cha viatu. Njia nyingine ni kununua kwa fungu la mnada, yale mafungu ya "vitu mchanganyiko" ambayo wakubwa hawayataki, na kuamua mapema kwamba utabaki na aina moja tu: mabehewa ya wazi ya 6462 kwa mfano, ambayo yalitolewa kwa rangi kadhaa na kwa miaka mingi kiasi cha kukufundisha mengi kuhusu fremu, wino na viunganishi. Yaliyosalia yauze tena hukohuko kabla hayajalipiwa nauli.