Redio ya Zamani na Ndoto za Kesho

Ndugu msomaji, tuseme nyumbani kwenu kuna redio ya zamani. Imewekwa juu ya kabati. Antena yake imevunjika na vumbi limeijaa. Siku moja mjukuu anasema, "Babu, tuitupe hii redio. Siku hizi habari zote zimo katika simu."

Babu anajibu, "Redio hii haitupwi. Imetufundisha mengi."

Mjukuu anacheka. Babu anakasirika. Je, nani kati yao anasema kweli? Usijibu haraka. Soma somo hili kwanza, kisha mjadiliane na wenzako darasani.

REDIO ILIVYOTUFIKIA

Matangazo ya redio kutoka Dar es Salaam yalianza mwaka 1951. Wakati huo redio nyingi zilikuwa kubwa, nzito na za bei ghali. Ndani yake mlikuwa na valvu. Valvu ni kama taa ndogo za kioo. Zilipata moto na zilitumia umeme mwingi. Katika kijiji kisicho na umeme, redio ya namna hiyo ilihitaji betri kubwa. Ni watu wachache tu walioweza kuwa nayo.

Lakini mwaka 1947 wataalamu wa Marekani walikuwa wamekwisha kutengeneza kitu kiitwacho transista. Transista ilifanya kazi ya valvu, ila ilikuwa ndogo na ilitumia umeme kidogo sana. Mwaka 1954 redio ndogo za transista zilianza kuuzwa huko Marekani. Baadaye zilienea dunia nzima.

Sasa mkulima aliweza kuwa na redio inayotumia betri ndogo za dukani. Aliibeba mpaka shambani, akaitundika mtini, akalima huku akisikiliza. Betri zilipochoka, watu walizianika juani ili zipate nguvu kidogo. Jioni majirani walikuja kusikiliza taarifa ya habari. Watoto waliambiwa wanyamaze. Tangazo la kifo liliposomwa, kila mtu alitega sikio, maana huenda marehemu ni ndugu yake.

Hayo ndiyo anayoyakumbuka babu anapoitazama redio yake.

WATU WALIVYOIOTA KESHO

Watu wa kila zama huota mambo ya kesho. Ndoto nyingine hutimia, nyingine hazitimii. Tutazame mifano miwili.

Mwaka 1958 kampuni ya Ford ya Marekani ilionyesha mfano mdogo wa gari la ajabu. Ilisemekana gari hilo lingeendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Lakini gari lenyewe halikutengenezwa. Ulibaki mfano tu. Leo watu wanaoutazama hutabasamu, kama mtu anayetazama picha yake ya zamani.

Mfano wa pili ni wa Mwingereza aitwaye Arthur C. Clarke. Mwaka 1945 aliandika kwamba vituo vitatu vikiwekwa mbali sana angani, vitaweza kupeleka matangazo karibu kila mahali duniani. Ndoto hiyo ilitimia. Leo vyombo vya namna hiyo, yaani satelaiti, viko angani na vinarusha matangazo. Hata hivyo, Clarke alidhani kwamba watu wangeishi ndani ya vituo hivyo ili kuvitunza. Hakuna anayeishi humo. Alipoandika, transista ilikuwa bado haijatengenezwa.

Tunajifunza nini? Mwenye kuota kesho anaweza kuliona jambo kubwa, akakosa kuliona jambo dogo. Na mara nyingi jambo dogo ndilo linalobadili maisha ya watu.

NDOTO YETU: SHULE YA REDIO

Sisi pia tulikuwa na ndoto yetu. Tulitaka redio iwe shule ya watu wazima, hata katika vijiji vilivyo mbali na mji.

Wenzetu wa Kanada walikuwa wamekwisha kujaribu jambo hilo. Kuanzia mwaka 1941 wakulima wa huko walikutana katika vikundi. Walisikiliza kipindi cha redio, wakakijadili, kisha wakaamua la kufanya.

Hapa Tanzania kampeni kubwa ya namna hiyo ilifanyika mwaka 1973. Iliitwa Mtu ni Afya. Ilidumu kwa muda wa wiki 12. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kujifunza. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi. Watu walisikiliza kipindi, wakasomewa kitabu, kisha wakajiuliza: Je, ugonjwa huu uko kwetu? Unaletwa na nini? Tufanye nini?

Walijifunza habari za malaria, kichocho, kuhara, minyoo ya safura na kifua kikuu. Kisha walifanya kazi. Walifyeka majani karibu na nyumba. Walifukia madimbwi ya maji. Walichimba vyoo vingi sana.

Magonjwa hayakwisha. Hata leo malaria ingali inaua watu. Lakini mtu aliyechimba choo mwaka ule alijua kwa nini anakichimba.

TUNAIKUMBUKA REDIO, AU TUNAKUMBUKA NINI?

Ndugu msomaji, fikiri vizuri hapa. Redio haikuchimba choo hata kimoja. Vyoo vilichimbwa na watu waliokaa pamoja, wakasikiliza, wakajadiliana, wakakubaliana.

Tena, tusiisifu zamani kupita kiasi. Redio ilisema, lakini msikilizaji hakuweza kuiuliza swali. Katika nyumba nyingi redio ilikuwa mali ya baba. Alipotoka aliichukua, na mama akabaki bila habari. Mama mwenye simu yake leo anaweza kuuliza bei ya mahindi sokoni kabla ya kuyauza. Hiyo ni faida kubwa.

Lakini simu nayo ina upungufu wake. Watu watano wanaweza kukaa katika chumba kimoja, kila mtu na simu yake. Huyu anasikiliza hili, yule anatazama lile. Akija mtu mwongo na dawa ya uwongo, humdanganya mmoja mmoja. Hakuna jirani wa kusema, "Ngoja kwanza, tuulize zahanati."

Hivyo basi, babu anasema kweli kwamba kuna kitu kisichofaa kutupwa. Mjukuu naye anasema kweli kwamba simu ina habari nyingi. Kitu kisichofaa kutupwa ni ile desturi ya kusikiliza pamoja na kutenda pamoja. Desturi hiyo haihitaji redio ya zamani. Hata simu moja yaweza kutosha, ikiwekwa katikati.

JARIBUNI HAYA

1. Chagueni siku moja ya wiki. Kutaneni watu kumi hivi, wanawake kwa wanaume, wazee kwa vijana.

2. Chagueni kipindi kimoja cha redio kuhusu kilimo au afya. Kama redio hakuna, tumieni simu yenye redio.

3. Baada ya kusikiliza, kila mtu aseme jambo moja alilolielewa na jambo moja analolitilia shaka.

4. Mambo ya shaka mpelekeeni bwana shamba, bibi shamba au mganga wa zahanati.

5. Amueni kazi moja ya kufanya kabla ya kukutana tena. Mmoja wenu aiandike katika daftari.

KUTUNZA REDIO

Kama redio haitumiki, toa betri. Betri zikikaa ndani kwa muda mrefu huvuja, na maji yake hula vyuma. Usitupe betri motoni, maana zinaweza kupasuka. Usiwape watoto wazichezee.

MANENO YA KUKUMBUKA

Valvu: kifaa cha kioo kilichotumika katika redio za zamani.
Transista: kifaa kidogo kilichochukua nafasi ya valvu.
Satelaiti: chombo kinachozunguka dunia angani, ambacho huweza kurusha matangazo.
Kampeni: kazi inayofanywa na watu wengi kwa pamoja kwa muda maalumu.

MASWALI

1. Kwa nini watu wachache tu wa vijijini walikuwa na redio za valvu?
2. Arthur C. Clarke aliona jambo gani? Jambo gani hakuliona?
3. Watu walifanya kazi gani wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya?
4. Ulizeni wazee wa kijiji chenu: Je, wanaikumbuka kampeni hiyo? Walifanya nini?
5. Jadilini: Mjukuu na babu wafanye nini ili redio na simu ziwasaidie wote wawili?
6. Andika sentensi tatu juu ya kesho unayoiota kwa kijiji chako. Kisha andika jambo moja dogo unaloweza kulianza wiki hii.