SOMO: MAZIWA YA KARANGA, NA MTOTO ASIYEPASWA KUYANYWA



Wengi wetu tuliotoka milima ya Minembwe na Itombwe tulikulia kwenye maziwa ya ng'ombe. Hapa kambini Gasorwe, Muyinga, maziwa ni ya kununua, na fedha ni chache. Kwa hiyo akina mama huniuliza: je, karanga zinaweza kutoa maziwa? Ndiyo, zinaweza. Karanga zinauzwa sokoni Muyinga, na wenzetu walio Gitega wanazipata pia. Lakini soma somo hili mpaka mwisho kabla ya kuweka sufuria motoni.

1. KUCHAGUA KARANGA

Nunua karanga mbichi zilizokauka vizuri, zisizokaangwa. Zimwage kwenye ungo, uzichague moja moja. Tupa zilizoota ukungu, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye uchungu. Ukungu huo unaweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini, nayo huharibu ini. Kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2004 huko Kenya watu 125 walikufa kwa sumu hiyo iliyokuwa kwenye mahindi. Usinunue karanga zilizokwisha kusagwa, maana huwezi kujua zilikuwaje. Zako zihifadhi mahali pakavu, juu ya kichanja, si chini kwenye udongo.

2. KUTENGENEZA

Unahitaji kikombe 1 cha karanga, vikombe 4 vya maji safi, chumvi kidogo, na sukari ukiwa nayo.

a) Osha karanga, uziloweke usiku kucha katika maji safi, ukifunika chombo.
b) Asubuhi mwaga maji hayo. Sugua karanga kwa mikono iliyonawiwa kwa sabuni mpaka maganda yatoke.
c) Zitwange kwenye kinu kisafi mpaka ziwe laini kabisa.
d) Changanya na vile vikombe 4 vya maji, ukoroge vizuri.
e) Chuja kwa kitambaa kisafi, ukikamua kwa nguvu.
f) Chemsha kwa moto mdogo dakika 10 hadi 15. Koroga bila kuacha, kwa sababu hufura na kumwagika haraka. Tia chumvi na sukari.

Kunywa siku hiyo hiyo. Yakilala, yanaharibika na kuleta kuhara. Makapi usiyatupe: yapike pamoja na sombe au maharagwe.

3. NANI ANYWE, NANI ASINYWE

Mtu mzima, mzee na mtoto mkubwa wanaweza kunywa au kupikia uji. Karanga zina mafuta mengi na protini ya kujenga mwili. Lakini maziwa haya yana kalisi kidogo sana kuliko ya ng'ombe, na hayana vitamini B12. Kwa hiyo ongeza lengalenga, na ndagala wanaoliwa pamoja na mifupa yao.

Mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe hata kijiko kimoja. Chakula chake ni ziwa la mama peke yake, bila hata maji. Baada ya miezi 6 aanze uji mzito na vyakula vingine, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi.

Nalisema hili kwa sababu nimeliona. Nikitembea nyumba kwa nyumba, nilimkuta dada mmoja akimpa mtoto wa miezi 3 maziwa ya karanga kwenye chupa. Alidhani ziwa lake limekauka. Mtoto alikuwa amekonda, hana hata nguvu ya kulia. Tulikwenda naye kituo cha afya siku ile ile. Mama alifundishwa kumnyonyesha mara nyingi, mchana na usiku, na maziwa yakarudi. Mtoto alipona. Dada yule hakuwa mzembe. Hakuna aliyemwambia tu. Sasa wewe umeambiwa, nawe mwambie jirani.

Wengine husema: "Mbona kituo cha lishe kinatoa pakiti ya karanga?" Pakiti ile, Plumpy'Nut, iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1996, ina karanga pamoja na maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini. Ni dawa ya mtoto mwenye utapiamlo. Maziwa yetu hayawezi kuchukua nafasi yake.

Mtu akivimba midomo, akitoka vipele au akishindwa kupumua baada ya kula karanga, mkimbizeni kituo cha afya mara moja. Asile karanga tena.

4. MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Kwa nini tunatupa karanga zenye ukungu, hata kama tutazichemsha?
2. Jirani yako ana mtoto wa miezi 4 na anasema ziwa limekauka. Utamwambia nini, na utampeleka wapi?
3. Tukikosa maziwa ya ng'ombe, ni vyakula gani vinatupa kalisi?

Asiyejua kusoma, tafadhali msomee.