Insha ya Ulinganishi: Kuhama Kutoka Simu Moja Hadi Nyingine

Swali: Dada yako anauza vitenge kwa kutumia simu ya Android. Mjomba amemletea iPhone 14. Linganisha matumizi ya kila siku ya simu hizo mbili.

Watahiniwa wengi husifu simu moja aya nzima, kisha husifu ya pili kwa mambo mengine kabisa. Huo si ulinganishi. Chagua kigezo kimoja, pima simu zote mbili kwa kigezo hicho, ndipo uhamie kingine.

(a) Kuchaji: Simu nyingi mpya za Android hutumia waya wa USB-C, ilhali iPhone 14 hutumia Lightning. Apple ilihamia USB-C mwaka 2023, kwenye iPhone 15. Kwa hiyo, waya wa zamani wa dada hautaingia.

(b) Hifadhi: Baadhi ya simu za Android hupokea kadi ya kumbukumbu, iPhone haina nafasi yake. Picha za vitenge zilizo kwenye kadi zihamishwe kwanza.

(c) Fedha: Akaunti ya M-Pesa hufuata laini, si simu. Laini ikihamishwa, salio ni lilelile. Kufanana nako ni hoja, kutaje.

Hitimisho: Usiandike tu "iPhone ni bora". Amua ipi inamfaa dada kwa biashara yake, na utumie hoja ulizokwisha kutoa.

Zoezi: Andika aya ya kigezo cha nne. Tumia "ilhali" na "vilevile".