Mafunzo Niliyopata kwa Mbuzi Kumi na Wanne

1. Polisi hawadai madeni.
Niliuza mbuzi kumi na wanne kwa deni katika soko la mifugo la Isiolo. Mnunuzi alilipa nusu, kisha simu yake ikawa haipatikani. Nikakimbilia polisi nikitaka afungwe anilipe. Askari mmoja mzee akaniuliza, "Alikuibia, au ulimpa?" Nilimpa. "Basi hiyo ni ya madai, si ya jinai." Sikumwelewa mpaka nilipouliza kwingine. Kwenye jinai, Jamhuri ndiyo inayoshtaki, mtu huitwa mshtakiwa, na ushahidi sharti uondoe shaka yoyote ya maana. Kwenye madai, mimi ndiye mdai, yeye mdaiwa, na yatosha maelezo yangu yawe na uzito kuliko yake. Hapo jela si adhabu ninayoweza kumwombea.

2. Si kila ugomvi wa Waislamu ni kesi ya kadhi.
Shangazi alisisitiza niende kwa kadhi. Ibara ya 170 ya Katiba inampa kadhi ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, tena pande zote ziwe za Waislamu na zikubali kusikilizwa naye. Mbuzi hawamo.

3. Sheria zina zamu kama kisimani.
Waborana humweka aba herega, msimamizi wa zamu za kunywesha, ili wenye mifugo wasipigane. Nilipoambiwa kwamba sheria nazo zina machimbuko mengi, nilitaka kujua zamu imepangwaje. Katiba ya 2010 hunywa kwanza. Sheria yoyote inayokinzana nayo, hata ya mila, ni batili. Hufuata sheria za Bunge. Halafu, kwa mujibu wa Sura ya 8 ya Sheria za Kenya, kifungu cha 3, zinakuja kanuni zilizotokana na hukumu za majaji wa Uingereza, pamoja na sheria zao za jumla zilizokuwapo tarehe 12 Agosti 1897, kadiri hali yetu inavyoruhusu. Ndiyo, 1897! Mila zetu zinasimama mkiani: huiongoza mahakama katika kesi za madai tu, mradi zisichukize haki na maadili. Maadili ya nani, kifungu hakisemi.

4. Wa mkiani naye hunywa.
Ibara ya 159 inazitaka mahakama zikuze upatanisho na njia za jadi za kusuluhisha migogoro, ila zisivunje Sheria ya Haki. Mwaka 2013 Mahakama Kuu, Nairobi, iliruhusu shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kumalizana kwa ngamia na mbuzi. Wanasheria wengi walishtuka, na mimi nadhani walikuwa na sababu: damu ya mtu si deni la sokoni. Langu lilikuwa la sokoni kabisa. Wazee walituketisha, mnunuzi akakiri, akarudisha mbuzi watano na kuahidi pesa za wawili. Nilidai tuandike na kutia sahihi mbele ya mashahidi, nao wakanicheka. Alipochelewa, karatasi ile ndiyo iliyomtisha.

5. Sheria yaweza kuandikwa vizuri dhidi yako.
Nikiwa na hamu ya kusoma, nikafikia sheria ya kinga ya 1970. Iliwakinga maafisa wa serikali na wanajeshi wasishtakiwe kwa yale waliyoyatenda Kaskazini Mashariki na katika wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, kuanzia tarehe 25 Desemba 1963 hadi 1 Desemba 1967. Ni miaka ya vita vya serikali na shifta, waasi waliotaka kujitenga, watu walipofungiwa vijijini Garba Tulla na mifugo ikapigwa risasi. Nilimtafsiria babu kifungu kwa kifungu. Yeye alipoteza zizi zima wakati huo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasokota ncha ya kikoi chake, akauliza, "Kwa hiyo walijua walichotufanyia?"